Wanaposema "Wanaongea Tu": Kusoma Maoni ya Watazamaji wa Filamu ya Mapenzi ya Usiku Mmoja

Filamu ya mapenzi inayoanza jioni na kuisha alfajiri huwavutia watengenezaji wenye mfuko mwembamba, na sababu ziko wazi: waigizaji wakuu wawili, nguo seti moja kwa kila mmoja, barabara zenye watu wachache. Tatizo ni kwamba aina hii hugawa hadhira vibaya. Mmoja anatoka na machozi, jirani yake anauliza kama kuna kitu kilichotokea. Mimi kama mhariri sisomi maoni hayo kama hukumu. Nayasoma kama mgonjwa anavyoeleza maumivu: anajua kwamba anaumwa, ila pale anapogusa mara nyingi sipo penye ugonjwa.

Kwanza achana na wastani. Watu 20 wakiipa filamu alama 6 kwa 10, wastani ni 6. Kumi wakitoa 9 na kumi wakitoa 3, wastani ni 6 vilevile. Ya kwanza ni filamu baridi na hakuna atakayemsimulia mwenzake. Ya pili ina wapenzi wake, kazi iliyobaki ni kuwafikia. Filamu nzuri za usiku mmoja nyingi huwa za namna hiyo ya pili, kwa hiyo tazama alama zilivyotawanyika kabla ya kitu kingine. Asilimia za Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya filamu, nazo zisikubabaishe: upande wa watazamaji, asilimia inaonesha wangapi walitoa nyota tatu na nusu au zaidi. Haisemi waliipenda kiasi gani.

Kwa onesho la majaribio, watazamaji 15 hadi 25 wanatosha. Wasiwe marafiki wa mwongozaji wala ndugu za waigizaji. Gawa madodoso kabla taa hazijawashwa kikamilifu na kabla mtu hajafungua mdomo, kwa sababu mwenye sauti kubwa akishasema "imenichosha", nusu ya chumba itaandika hivyohivyo. Mtu mmoja akae pembeni na saa, aandike dakika ambazo simu zinatolewa, watu wanajinyoosha au wanacheka. Karatasi hiyo naiamini kuliko madodoso yenyewe.

Sasa lalamiko kuu: "wanaongea tu." Mwongozaji akilisikia hukimbilia kupunguza maneno, na filamu inakuwa fupi lakini inachosha kama zamani. Watazamaji hawachoshwi na mazungumzo. Wanachoshwa na mazungumzo yasiyobadilisha chochote kati ya wawili hao. Kipimo changu ni rahisi: toa sini nzima, yaani tukio moja la filamu, kisha tazama inayofuata. Kama inaeleweka na ina uzito uleule, uliyoitoa haikuwa na kazi. Kila sini inapaswa kumwacha mmoja wao akijua jambo jipya, akificha jambo jipya, au akiwa amejiweka hatarini zaidi kuliko alivyokuwa.

Mara nyingine maneno hayana kosa lolote, kosa liko kwenye picha. Chukua sini ya wawili wamekaa kwenye ngazi za jengo lililofungwa. Mwanamke anasimulia dakika tatu kuhusu dada yake waliyekosana. Simu za watazamaji zinaanza kutoka mifukoni dakika ya pili. Ukiitazama tena unagundua kamera imemng'ang'ania msimulizi muda wote, na uso wa mwanamume hatujauona hata mara moja. Hatujui kama anavutwa, anachoka au anatafuta la kujibu. Weka sekunde nne za uso wake pale mwanamke anaposema dada hakupiga simu tena, na ghafla ile si habari ya dada. Ni habari ya hawa wawili. Mapenzi kwenye filamu yanaonekana kwa anayesikiliza.

Shida ni kwamba sekunde nne hizo huenda hazipo. Bajeti ndogo inashawishi kurekodi matembezi kwa shoti moja ndefu, wote wawili ndani ya fremu, dakika tano bila kukata. Inapendeza ikifanikiwa. Mwendo ukilegea dakika ya tatu, mhariri hana pa kushika. Kwa hiyo kila eneo, kabla ya kufungasha vifaa, rekodi vitu vitatu: uso wa kila mmoja akisikiliza, mikono au miguu yao, na shoti ya mbali kutoka nyuma ambapo midomo haionekani. Hiyo ya mwisho ni dhahabu. Juu yake unaweza kufuta sentensi kumi, au kuongeza moja iliyorekodiwa baadaye, na hakuna atakayejua.

"Haiaminiki" kwa kawaida hutokana na simu au saa. Before Sunrise, filamu ya usiku mmoja ya mwongozaji Richard Linklater, ilitoka mwaka 1995, na wawili wake wanaachana bila kupeana namba, wakiahidiana kukutana baada ya miezi sita. Watazamaji walibishana kuhusu ahadi hiyo hadi ilipotoka sehemu ya pili mwaka 2004. Leo mtazamaji anauliza mapema tu: kwa nini hawatafutani mtandaoni? Betri kuisha ni jibu lililochakaa, watu hulicheka. Sababu iwe ndani ya mhusika, na ijulikane ndani ya robo ya kwanza ya filamu.

Kuhusu saa, tengeneza jedwali: ukurasa wa muswada, saa ya hadithi, nani ana koti, kinywaji kimefika wapi, nani ameanza kuchechemea. Sini ya saa 4 usiku ikirekodiwa wiki mbili baada ya ile ya saa 9, kumbukumbu haitakusaidia. Watazamaji wachache wataitaja nywele iliyokauka ghafla, lakini wengi wataandika kwamba kuna kitu hakikukaa sawa.

Sauti hujificha zaidi ya yote. Watu husamehe chengachenga za picha ya gizani, lakini neno likiwapotea hawasemi "sikusikia". Wanasema "sikuwapenda wahusika". Ukishuku hivyo, onesha dakika kumi zilezile kwa kundi jingine, safari hii zikiwa na maandishi ya mazungumzo chini. Maoni yakipanda, tatizo si waigizaji. Kinga yake ni nafuu: zima muziki wa mgahawa wakati wa kurekodi na uuweke kwenye uhariri, maana muziki uliorekodiwa pamoja na maneno utarukaruka kila unapokata. Rekodi sekunde 60 za ukimya wa kila mahali, za kuziba mapengo wakati wa uhariri. Na sentensi iliyofunikwa na pikipiki, waigizaji wairudie palepale, bila kamera, wakati sauti zao bado zina uchovu uleule.

Giza nalo lina kanuni zake. Uwazi wa lenzi hupimwa kwa f, na namba ndogo ni uwazi mkubwa: lenzi iliyofunguliwa f/1.4 inaingiza mwanga mara nne ya f/2.8, ila sehemu inayoonekana kwa ukali inakuwa nyembamba, na mwigizaji akiinama kidogo tu uso unafifia. Anayelalamika "giza mno" mara nyingi hakosi mwanga wa barabara, anakosa nukta ya mwanga machoni mwa mwigizaji. Taa ndogo ya mkononi inatosha. Kisha ijaribu filamu kwenye simu, maana wengi wataitazamia huko.

Mwisho ndio unaozua ugomvi mkubwa, na hapo nashauri ubishi kidogo. Usiubadilishe kwa sababu watu wamekasirika. Uliza: "Unadhani nini kilitokea baadaye?" Wakijibu kwa uhakika, kila mmoja na lake, mwisho ulio wazi umefanya kazi. Wakiandika "sijui" kwa mkato, hawakujali, na ugonjwa uko dakika kumi au kumi na tano nyuma, pale ambapo mmoja wao alipaswa kuomba jambo na akaogopa.

Baadhi ya alama za chini hazitokani na filamu kabisa. Zinatokana na trela, yaani tangazo fupi la filamu, iliyouza vichekesho na mabusu kwa watu ambao wangeletewa dakika 85 za matembezi. Weka ndani ya trela angalau sekunde 20 za mazungumzo yasiyokatwa, kutoka sini ya katikati. Asiyezivumilia hatanunua tiketi, na hatakupa nyota moja.