Kwenye tamthilia kompyuta humtaja mbakaji, hapa kwetu anayemtaja ni aliyebakwa

Tamthilia za upelelezi za Kimarekani zinazohusu ubakaji zinatazamwa sana huku kusini mwa Tanzania, sebuleni na hata kwenye mabanda ya video, nyingine zikiwa zimetafsiriwa na madijei wetu ambao huongeza utani pasipo na utani. Kipande kimoja hakifiki saa nzima. Mwanamke anakutwa barabarani, mtaalamu mwenye glavu anachukua sampuli kwa pamba, kompyuta inalia, picha ya mtuhumiwa inatokea. Kabla kipande hakijaisha mtu amekiri au yuko mahakamani.

Sina ugomvi na burudani hiyo, tena baadhi yake humheshimu aliyebakwa kuliko wanavyomheshimu majirani zake. Tatizo huja pale ndugu wanapofika kwetu hospitalini wakiwa na picha hiyo kichwani. Sisi madaktari ndio tunaojaza fomu ya polisi, PF3, kisha tunaitwa mahakamani kueleza tulichokiona. Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: "Dokta, mbona hamjapima DNA? Si kesi imeshakufa?"

Haijafa. Tanzania tunayo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hufanya vipimo hivyo. Vinasaba, yaani hiyo DNA, husaidia sana pale mtendaji asipojulikana, au panapokuwa na mimba. Lakini wengi tunaowapokea wanamjua aliyewafanyia: ni ndugu, jirani, mpangaji wa chumba cha pili. Mtu huyo akisema "tulikubaliana", kipimo hakina la kujibu. Anayejibu ni aliyefanyiwa. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe, na Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi huo peke yake, ikiwa imeridhika kwamba anasema kweli. Na kwa binti wa chini ya miaka 18 ambaye hajaolewa, hoja ya makubaliano haina nafasi kabisa.

Kosa jingine la runinga ni majeraha. Kwenye kioo lazima nguo ichanike na uso uvimbe. Kwa uzoefu wa kitabibu, wengi hawana hata mchubuko, kwa sababu hofu huufunga mwili ukashindwa kupiga kelele wala kurusha mkono. Wengine husimulia kwa utulivu ambao ndugu huutilia shaka, au hukumbuka tukio vipande vipande. Kanuni ya Adhabu, baada ya marekebisho ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inasema wazi kwamba alama za kupigana si lazima ili kuthibitisha kuwa mtu hakuridhia. Kwa hiyo daktari akiandika "hakuna jeraha", hajaandika "hakubakwa". Naomba wazazi walielewe hili, maana nimeona baba akikunja PF3 kwa hasira akidhani tumemgeuka.

Kinachoua kesi ni muda. Saa 72 za kwanza ndizo zenye uzito: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zinazoitwa PEP, lazima zianze ndani ya muda huo, na mapema zaidi ndiyo bora, kisha zimezwe kwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba zinaweza kusaidia hadi siku ya tano. Ushahidi wa mwilini nao hupotea haraka. Najua jambo la kwanza ambalo mama hufanya ni kuchemsha maji ya kumwogesha mwanawe na kuloweka nguo. Ni huruma, lakini tafadhali subiri. Asioge, asijisafishe ndani, na ikiwezekana asibadili nguo. Kama ameshabadili, chupi na khanga alizokuwa nazo ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au zifungwe kwa karatasi safi, kila nguo peke yake. Usitumie mfuko wa rambo, kwa sababu unyevu hubaki ndani na nguo huota ukungu. Kama tayari ameoga, njooni hivyohivyo. Zikipita saa 72, njooni pia.

Pa kwenda papo. Mtwara kuna hospitali ya Ligula, Lindi kuna ya Sokoine, na kwa walio mbali na miji hiyo zipo za Ndanda, Nyangao na Mkomaindo pale Masasi. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Ukitangulia polisi utapewa PF3. Ukitangulia hospitali, matibabu ya dharura yaanze na fomu ifuatwe. Kwa mtoto, namba 116 hupigwa bure. Na kama anamjua mtu huyo, amtaje kwa mtu wa kwanza anayemwamini, siku hiyohiyo, kwa kuwa mahakama huangalia sana shahidi alimtaja mtuhumiwa lini.

Kuhusu kuyamaliza nyumbani sitasema mengi. Pesa za korosho zikishaingia, upande wa mtuhumiwa haukosi wazee wa kuja na bahasha. Mashtaka ya ubakaji ni ya Jamhuri, si ya baba wala mjomba, na hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kuyafuta. Wakihofia aibu, wajue kwamba ushahidi wa makosa haya husikilizwa faraghani na vyombo vya habari haviruhusiwi kuutangaza. Hakuna ukumbi uliojaa watu kama wa kwenye tamthilia. Hata mtoto mdogo husikilizwa bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli.

Kuna jambo moja ambalo sijawahi kuliona kwenye kioo, nalo huangusha kesi za watoto: umri. Kuandika tu kwenye hati ya mashtaka kwamba binti ana miaka 14 hakutoshi, ni lazima uthibitishwe. Beba cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Kama kadi ililiwa na mchwa, mama aliyemzaa aende mwenyewe akatoe ushahidi na ataje tarehe aliyojifungua.