Je, wajua IPCC haina hata kipimajoto?

Ukitaja IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, watu wengi wanawaza wanasayansi wenye makoti meupe wanaopima joto la dunia. Hapana aisee. Haipimi kitu, haina setilaiti, ilianzishwa 1988 na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, hawa wa Gigiri Nairobi, na kazi yake ni kusoma tafiti za wengine.

Ichukulie kama baraza la wazee kwenye kesi ya shamba. Wazee hawakuwepo mpaka unawekwa, wanaita mashahidi, wanauliza nani kaona kwa macho na nani kasikia kwa jirani, ushahidi ukigongana wanasema hapa hatuna uhakika. Ripoti ya 2021 ya sayansi ya tabianchi iliandikwa na watu 234, ikataja tafiti zaidi ya 14,000, na rasimu zake zikapata maoni 78,007 ambayo waandishi walitakiwa kuyajibu (pole yao). Hata maneno kama "yaelekea sana" humo si pambo, yana kipimo chake, uwezekano wa asilimia 90 kwenda juu.

Sasa kituko. Ripoti ya 2007 ilisema uwezekano ni mkubwa sana barafu ya milima ya Himalaya ikaisha kufikia 2035. Wataalamu wakashtuka, barafu nene vile iishe ndani ya miaka 28? Kufuatilia, kumbe dai lilitoka ripoti ya 2005 ya WWF, shirika la uhifadhi wa mazingira, nayo ililitoa kwenye jarida la New Scientist la 1999. Yaani shahidi wa "nimesikia kwa fulani". Kuna andiko la Mrusi la 1996 linalotaja mwaka 2350, wengine wanahisi tarakimu zilipinduka njiani, ila hiyo ni dhana tu. Januari 2010 IPCC ikakiri kosa. Barafu yenyewe inapungua kweli, ni ule mwaka tu uliokuwa wa ovyo.

Ajabu ni kwamba kosa lilikaa kwenye juzuu la ripoti hiyo linalohusu athari za mabadiliko ya tabianchi, lile la sayansi yenyewe, lenye sura ya barafu, la mwaka huohuo halikuwa nalo. Kwa hiyo ukitumiwa namba ya kutisha WhatsApp, au ya kutuliza maana nazo zipo kibao, anza na muhtasari wa IPCC, ni bure mtandaoni, ila serikali huupitisha sentensi kwa sentensi hivyo lugha yake imepoa kidogo. Mwisho wa aya zake kuna namba za sura kwenye mabano, zifuate, huko ndani utakuta utafiti gani ulisema nini.