Konokono na kichocho kandokando ya Ziwa Kivu: maswali na majibu

Maji ya ziwa yanaonekana safi. Kichocho kinatoka wapi?

Kinatoka katika kinyesi cha mtu mwenye minyoo ya kichocho, ambacho hubeba mayai yake, kisha kinapita ndani ya konokono. Yai likifika majini huanguliwa, na kijidudu kinachotoka kina saa chache tu za kumpata konokono wa jamii ya Biomphalaria, yule mdogo mwenye gamba bapa kama kifungo. Kisipompata, hufa. Kikimpata, huongezeka ndani yake, na baada ya wiki 4 hadi 6 konokono huanza kumwaga majini vijidudu vyenye mkia. Yai moja likimpata konokono mmoja, vijidudu vitakavyotoka ni maelfu. Kwa macho huwezi kumtambua konokono aliyeambukizwa.

Usisubiri damu kwenye mkojo, hiyo ni aina nyingine. Kichocho cha Kivu ni Schistosoma mansoni, ambaye minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo.

Saa gani ni mbaya zaidi?

Vijidudu hutoka kwa mwanga, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Hatari iko kwenye maji mafupi, yaliyotulia, yenye majani. Kwa hiyo mvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, aliye katikati ya ziwa usiku ana nafuu kuliko mtoto anayeogelea karibu na matete saa sita mchana au mama anayefua hapo hapo.

Kula sambaza kunaleta kichocho?

Hapana.

Nachota maji ya kuoga ziwani. Nifanye nini?

Chuja kwa kitambaa kizito, funika bidoni, acha siku 2 kamili, kwa sababu vijidudu haviishi zaidi ya saa 48 hivi. Kinachoharibu kazi ni konokono mdogo aliyeingia pamoja na majani: akiwa ndani, ataendelea kumwaga vingine na siku ulizohesabu ni bure. Mwenye haraka achemshe. Lakini kutuliza maji hakuui kipindupindu, kwa hiyo ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini vilevile.

Tukimwaga sumu ya konokono ufukweni?

Msijaribu wenyewe. Niklosamidi huua konokono, lakini huua samaki pia, na konokono hurudi. Choo kinachozuia kinyesi kisifike ziwani kinafanya kazi zaidi.

Nilipima, hawakuona kitu. Niko mzima?

Si lazima. Mayai huanza kuonekana kwenye choo kikubwa wiki kadhaa baada ya kuambukizwa, na hayatoki sawasawa kila siku. Kipimo cha kawaida, Kato-Katz, hutazama miligramu 41.7 tu za kinyesi. Peleka sampuli za siku 2 au 3 tofauti.

Nilimeza dawa, mbona ugonjwa umerudi?

Kwanza tazama ulimeza nini. Albendazole na mebendazole, zile zinazoitwa tu "dawa ya minyoo", hazitibu kichocho. Inayotakiwa ni praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa mara moja: mwenye kilo 60 hupata vidonge 4 vya miligramu 600, mwenye kilo 30 vidonge 2. Meza baada ya kula; kizunguzungu na kichefuchefu hupita.

Tatizo la pili ni wakati. Praziquantel huua minyoo iliyokomaa, michanga huponyoka. Aliyeoga ziwani wiki mbili kabla ya dawa anaweza kubaki nayo, hivyo dozi hurudiwa wiki 6 hadi 8 baada ya kugusa maji hayo mara ya mwisho. Mwenye kifafa, au anayetumia rifampicin ya kifua kikuu, amwambie muuguzi kabla ya kumeza.

Lini niende hospitali mara moja?

Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au tumbo likijaa maji. Mayai yaliyokwama kwenye ini kwa miaka huziba njia ya damu, na mishipa ya umio huvimba hadi kupasuka.