Thomas Sankara: tunayosimuliana na yaliyotokea

Kila ifikapo Oktoba 15, siku aliyouawa mwaka 1987, picha ya Thomas Sankara, aliyekuwa rais wa Burkina Faso, na bereti yake huzagaa kwenye simu zetu, na maelezo chini yake huzidi kutiwa chumvi mwaka hadi mwaka. Mimi ni mmoja wa wanaompenda kapteni huyu, lakini wa kwenye picha hizo simtambui.

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba alijitwalia madaraka kwa bunduki yake mwenyewe. Nadhani Kiswahili chetu kinachangia kosa hili: "mapinduzi" ni askari kuvamia ikulu, na "mapinduzi" hayohayo ni kubadili maisha ya nchi nzima. Usiku wa Agosti 4, 1983 Sankara hakuvamia chochote. Alikuwa kwenye kizuizi cha nyumbani, mji mkuu Ouagadougou. Alikuwa waziri mkuu tangu Januari, akakamatwa Mei 17 chini ya Rais Jean-Baptiste Ouédraogo, yuleyule aliyemteua. Waliokuja kumtoa ni makomando wa Pô, kambi ya kusini karibu na mpaka wa Ghana, wakiongozwa na rafiki yake Blaise Compaoré. Kambi hiyo Sankara mwenyewe aliwahi kuiongoza tangu 1976, kisha ikabaki mikononi mwa Compaoré. Kwa hiyo aliokolewa kwanza, ndipo akawa rais, akiwa na miaka 33. Na aliyemwokoa aliendelea kuwa na askari wake.

Wengine humfanya mtoto wa mkulima fukara. Baba yake alikuwa askari, aliyepigana Vita Vikuu vya Pili upande wa Ufaransa. Na siasa kali hakuziokota kijijini: alikuwa akisomea uofisa Antsirabe, Madagaska, katika miaka ambayo ghasia za wakulima na wanafunzi zilimng'oa Rais Philibert Tsiranana.

Jina la Burkina Faso, ambalo serikali yake ndiyo iliyoipa nchi, nalo si Kifaransa, kama wengi wanavyodhani. Limetoka katika lugha za huko: "Burkina" ni Kimoore, watu waadilifu. "Faso" ni Kijula, nchi ya baba. Hata kile kimkia cha "Burkinabè", yaani raia wa nchi hiyo, kimetoka kwa Wafulani.

Kuna jambo moja ambalo watu hulitilia shaka bure, nalo ni maisha yake ya kawaida. Hilo ni kweli tupu. Mercedes za serikali ziliuzwa, mawaziri wakapanda vigari vidogo vya Renault 5. Mali alizozitangaza zilikuwa gitaa, baiskeli na vitu vya nyumbani. Cheo hakujipandishia. Alikufa kapteni.

Sasa lile ambalo mashabiki wenzangu hawapendi kulisikia: "Wananchi wote walikuwa naye." Thubutu! Machi 1984 walimu waligoma, na zaidi ya elfu moja wakafukuzwa kazi kwa mpigo. Nafasi zao wakapewa vijana waliofundwa harakaharaka, na madarasani pengo lilionekana. Juni mwaka huohuo watu saba walipigwa risasi kwa tuhuma za kupanga kumpindua. Vijana wa kamati za kulinda mapinduzi walikabidhiwa silaha, na baadhi yao wakazitumia kulipiza visasi vya mtaani. Ni serikali hiyohiyo, mwaka huohuo, iliyochanja takriban watoto milioni 2 kwa muda wa wiki mbili hivi dhidi ya surua, homa ya uti wa mgongo na homa ya manjano. Anayekuhadithia chanjo bila walimu, au walimu bila chanjo, amekuhadithia nusu.

Kuhusu kifo chake, mtandaoni jibu ni fupi: Ufaransa ilimuua. Suala la mkono wa nje bado halijafungwa, lakini waliofyatua risasi Oktoba 15, 1987 walikuwa askari wa nyumbani, na pamoja naye walianguka wengine 12. Wakazikwa usiku. Cheti chake cha kifo kiliandikwa kwamba amekufa kifo cha kawaida! Kaburi lilipofukuliwa mwaka 2015, mabaki yalikutwa na matundu ya risasi. Aprili 6, 2022 mahakama ya kijeshi ya Ouagadougou ilimhukumu Compaoré kifungo cha maisha kwa kuhusika na mauaji hayo, bila yeye kuwepo, kwani alikuwa amekimbilia Côte d'Ivoire.

Februari 2023 Sankara na wenzake walizikwa upya, kwa heshima za kijeshi, kwenye viwanja vya Conseil de l'Entente. Ni palepale walipouawa. Familia yake ilipinga mahali hapo, na haikwenda mazikoni.