Madau ya gofu: si bingwa pekee anayeulizwa

Wiki mbili nyuma kijana mmoja niliyewahi kumsomesha hesabu alinikuta kwenye barza ya kahawa, Jaws Corner, akanipa simu yake. "Shikamoo, mwalimu. Hebu nihesabie hii, maana mimi naona nimedhulumiwa." Anafanya kazi hoteli huko Nungwi, na wageni ndio waliomtia katika gofu, wao hukaa mbele ya televisheni kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, naye huwapelekea vinywaji na kusikiliza. Kwenye simu mlikuwa na mkeka wa mstari mmoja tu: dau shilingi 5,000, odi 3.00, mchezaji wake amalize ndani ya ishirini bora. Mchezaji akamaliza wa 18. Kijana akasubiri 15,000. Zikaingia 7,500.

Hakudhulumiwa. Alilipwa sawasawa na dau alilolinunua. Alichokosa ni kujua dau lile linauliza nini hasa.

Niseme mapema nilipo mimi. Kwa Muislamu kamari imeshatolewa hukumu, aya ya 90 ya Surat al-Maida inaitaja pamoja na ulevi, na mimi sichezi. Lakini vijana wetu wa mahotelini wanaiona kila wikiendi kwenye televisheni na kwenye simu, na wengi wao wanaingia bila ya kujua hesabu yake. Ninawaandikia hao. Na gofu yenyewe si ngeni kwetu kiasi hicho: Waingereza walipotawala walikuwa wakiicheza pale Mnazi Mmoja, na leo upande wa Mangapwani kuna hoteli yenye uwanja wa mashimo tisa.

Tuanze na odi. Ni ile nambari inayozidishwa na dau ukishinda, na dau lako lenyewe limo ndani yake. Shilingi 1,000 kwa odi 3.00 inarudi 3,000, faida 2,000. Ukitaka kujua odi inadai nini, gawa moja kwa nambari hiyo. Odi 3.00 inadai kwamba jambo litatokea mara moja katika tatu, odi 50.00 mara moja katika hamsini.

Sasa mchezo. Katika mpira wa miguu Simba na Yanga wakikutana mna mambo matatu tu: huyu ashinde, yule ashinde, au sare. Mashindano makubwa ya gofu, kama US Open, yanaanza na wachezaji 156. Wanacheza siku nne, mashimo 18 kila siku, jumla 72, na mwenye mikwaju michache kuliko wote, yaani aliyeupiga mpira mara chache zaidi, ndiye bingwa. Kumtaja bingwa ni kumchagua mmoja katika umati, na hata aliye bora duniani hushindwa mara nyingi zaidi kuliko anavyoshinda. Mwaka 2003 mashindano ya Open ya Uingereza yalichukuliwa na Ben Curtis, Mmarekani aliyekuwa wa 396 katika orodha ya dunia. Nani alikuwa na habari naye?

Ndiyo maana wauza madau wakayakata mashindano vipande vipande, wakaanza kuuliza masuali madogo madogo. Hayo ndiyo madau ya gofu yaliyo nje ya bingwa.

La kwanza ni la nafasi: mchezaji amalize ndani ya watano, kumi au ishirini bora. Tazama Masters, mashindano mengine makubwa ya Marekani, ya mwaka 2011. Rory McIlroy aliamka Jumapili akiwa mbele ya wote kwa mikwaju minne. Siku hiyo akapiga mikwaju 80 na kuporomoka hadi nafasi ya 15 kwa sare. Aliyesema atakuwa bingwa alikosa. Aliyesema kumi bora alikosa. Aliyesema ishirini bora alilipwa, japo alimtazama mchezaji yuleyule akivunjika moyo mbele ya dunia nzima. Mtu mmoja, siku moja, majibu matatu, kwa sababu masuali yalikuwa matatu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye ule mkeka wa Nungwi, na hapa ndipo penye uzito kuliko pengine pote. Katika gofu watu kumaliza sare ni jambo la kila wiki. Mchezaji wa kijana wetu alimaliza wa 18, kweli, lakini si peke yake: walikuwa sita wenye mikwaju sawa. Hesabu nafasi zilizobaki ndani ya ishirini: ya 18, ya 19 na ya 20. Nafasi tatu, watu sita. Muuzaji hawalipi wote sita kana kwamba kila mmoja ana nafasi yake kamili. Anachukua tatu kwa sita, yaani nusu, na kuligawa dau. Nusu ya 5,000, ambayo ni 2,500, inahesabiwa imeshinda na inazidishwa na 3.00: ndiyo zile 7,500. Nusu ya pili inahesabiwa imepotea. Wangekuwa wanne katika nafasi hizo tatu, robo tatu ya dau ingeshinda, na angepokea 11,250. Wangekuwa watatu tu, angepokea 15,000 zake kamili, kwa kuwa kila mmoja ana kiti.

Angalia kwamba kinachogawanywa ni dau, si faida. Vijana wengi hukosea hapo, na kwa odi ndogo kosa hilo linauma. Tuseme odi ni 1.60, na nusu tu ya dau la 5,000 ndiyo iliyoshinda. Unapokea 4,000. Mchezaji wako "ameingia" ishirini bora, mkeka unaonyesha umeshinda, na bado umepoteza 1,000.

Kanuni hiyohiyo ya sare inakufuata karibu kila pahala. Siku ya kwanza ya ile Masters ya 2011 McIlroy alipiga mikwaju 65, akaongoza, lakini Mhispania Álvaro Quirós naye alipiga 65. Kuna dau la kumtaja atakayeongoza siku ya kwanza. Aliyemweka McIlroy 10,000 kwa odi, tuseme, 30.00, angelipwa 5,000 mara 30, yaani 150,000, wala si 300,000. Dau la bingwa haligawanywi, kwa sababu mashindano hayo hayakubali mabingwa wawili: wakilingana huongezewa mashimo mpaka apatikane mmoja. McIlroy huyo alipoichukua Masters hatimaye, mwaka 2025, ilikuwa kwa njia hiyo, baada ya kulingana na Justin Rose.

Lipo dau jengine zuri la kulielewa, la "bila fulani". Pale mchezaji mmoja anapowazidi wenzake kiasi kwamba suali la bingwa halina ladha tena, muuzaji humtoa katika hesabu na kuuliza: wa kwanza kati ya waliobaki ni nani? US Open ya 2000, pale Pebble Beach, Tiger Woods alishinda kwa tofauti ya mikwaju 15. Wa pili walikuwa Ernie Els na Miguel Ángel Jiménez, sare. Kwa dau la namna hiyo, Els angekuwa mshindi, na Jiménez vilevile, na kila aliyewataja angelipwa nusu.

Dau la pande mbili ni madau mawili yaliyofungwa pamoja, nusu kwa bingwa, nusu kwa nafasi. Ukiweka 10,000, basi 5,000 inasema atakuwa bingwa na 5,000 inasema atamaliza, mathalani, ndani ya watano. Ile nusu ya nafasi hulipwa sehemu ya odi, tuseme moja ya tano. Odi ikiwa 41.00, faida yake ni mara 40, na moja ya tano ya 40 ni 8, kwa hiyo nafasi inalipa odi 9.00. Mchezaji akiwa wa tatu peke yake, nusu ya kwanza imekwenda, nusu ya pili inarudi 45,000. Akiwa bingwa, zote mbili zinalipa: 205,000 na 45,000. Kabla ya kuvutiwa na hesabu hiyo soma mambo mawili, nafasi ni ngapi na sehemu ni ipi, kwa sababu muuzaji akiongeza idadi ya nafasi kwa kawaida hupunguza sehemu.

Yanayopendwa zaidi na wanaoijua gofu ni madau ya mtu kwa mtu. Umati unatupwa kando, wanabaki wawili, na suali ni nani atamaliza juu ya mwenziwe. Wengine huulizwa kwa siku nne nzima, wengine kwa raundi moja. Alhamisi na Ijumaa wachezaji kwa kawaida hutoka, yaani huanza kucheza, watatu watatu, na dau linauliza yupi kati ya watatu hao atapiga mikwaju michache siku hiyo. Mwisho wa wiki hutoka wawili wawili. Wawili wakilingana, ama dau linarudishwa, ama sare yenyewe iliuzwa kama chaguo la tatu na wewe umeshapoteza. Hapo tena, soma kwanza.

Mfano ninaoupenda ni Masters ya 1996. Alhamisi Greg Norman wa Australia alipiga mikwaju 63 na kuongoza peke yake. Kufika Jumapili alikuwa mbele ya Nick Faldo kwa mikwaju sita, nao wakatoka pamoja. Faldo alipiga 67, Norman 78, na Faldo akashinda kwa mikwaju mitano. Aliyemtaja Norman kuwa bingwa alilia. Aliyemtaja kuongoza siku ya kwanza alikuwa ameshalipwa tangu Alhamisi usiku. Aliyemtaka ndani ya watano bora alilipwa, kwani Norman alimaliza wa pili. Na aliyesema kwamba Jumapili Faldo atampita, bila ya kujali kombe linakwenda kwa nani, naye alilipwa.

Kwa madau ya raundi moja, saa ya kutoka ina maana kubwa. Wanaotoka asubuhi wanakuta majani hayajakanyagwa na upepo haujaamka. Open ya Uingereza inachezwa pembezoni mwa bahari, na huko asubuhi na alasiri zinaweza kuwa kama viwanja viwili tofauti. Mvuvi wa Nungwi hahitaji kuelezwa hili: msimu wa kusi, bahari ya alfajiri si bahari ya alasiri.

Kuna la mchujo. Baada ya siku mbili wengi hurudishwa nyumbani: Masters hubakisha 50 bora pamoja na walio sare na wa 50, US Open 60, Open ya Uingereza 70. Dau linauliza kama mchezaji atapita au hatapita. Linaonekana rahisi kwa mchezaji mkubwa, na odi yake huwa ndogo mno, pengine 1.10. Kwa odi hiyo lazima upatie mara kumi katika kumi na moja ili usipoteze wala usipate. Kuna pia la kuuliza kama atatokea mtu wa kutia mpira shimoni kwa pigo moja. Masters ya 2016 walitokea watatu siku ya mwisho, shimo lilelile la 16.

Wanaobeba mifuko ya wageni watasikia maneno mengine, ya madau ya wachezaji wenyewe kwa wenyewe. Nassau, jina la klabu moja ya New York, ni madau matatu katika mchezo mmoja: mashimo tisa ya mwanzo, tisa ya mwisho, na yote 18. Skinzi ni kila shimo kuwa na bei yake. Wakilingana, bei inahamia shimo linalofuata.

Kijana alipoelewa 7,500 zake alinionyesha mkeka mwengine, wa madau matatu ya mtu kwa mtu, kila moja odi 1.83, kwa 1,000. Nikamwambia: chukua moja tu kwanza. Weka 10,000 kwa huyu na 10,000 kwa yule. Umetoa 20,000, na yeyote akishinda utarudishiwa 18,300. Zile 1,700 ni za muuzaji, hata kabla mpira haujapigwa. Kama wawili hao wako sawasawa, odi ya haki ni 2.00. Sasa zidisha odi za mistari yote mitatu. Haki ni 2.00 mara 2.00 mara 2.00, yaani 8.00. Chako ni 1.83 mara 1.83 mara 1.83, yaani 6.13. Kila mstari unaouongeza, muuzaji anakata tena.

Akahesabu mwenyewe kwenye simu, taratibu, kama tulivyokuwa tukifanya skuli. Kisha akaona kwamba mkeka hausemi hata 6.13, unasema 3.35. Mmoja wa wachezaji aliowapambanisha alikuwa amejitoa kabla ya kuanza, na dau la namna hiyo kwa kawaida hufutwa na kuhesabiwa odi 1.00. Ikabaki 1.83 mara 1.83. Angejitoa baada ya kupiga pigo la kwanza, pambano lingehesabiwa na yeye ndiye aliyeshindwa. Yote hayo yalikuwa yameandikwa chini kabisa ya ukurasa, kwa Kiingereza, kwa maandishi madogo, na tulikaa pale kuyatafsiri mpaka kahawa ikapoa.