Kabla ya kungoja Inga, tuangalie kabine ya avenu yetu

Niko fundi wa umeme huku Lubumbashi, mji mkubwa wa Katanga kusini mwa Kongo, miaka mingi sasa, na kila nikipanda poto (nguzo) lazima mtu asimame chini aniulize, "Papa fundi, Inga ya tatu itamalizika lini tupumue na hii delestaji?" Inga ni mabwawa ya umeme kwenye mto Kongo, na ya tatu bado haijajengwa. Mwezi uliopita kule Kampemba aliyeniuliza ni mama mmoja anauza maji ya baridi, friji yake ilikuwa inanguruma tu bila kugandisha kitu, vifuko vyote vimekuwa vuguvugu, nikapima kwenye prize (soketi) yake nikakuta volti 148 badala ya 220. Hiyo si delestaji. Delestaji ni pale wanakata mstari mzima makusudi kwa sababu umeme hautoshi, ukipima unakuta sifuri. Mama alikuwa na kuran (umeme), ila kuran yenyewe imechoka njiani, na hata wajenge Inga kumi hiyo 148 haipandi, maana shida yake ilikuwa kati ya kabine, kile kijumba cha mtaani chenye mashine ya kushusha volti (transfo), na mlango wake.

Ndiyo maana naandika hii leo. Tunaongea sana juu ya mito na mabwawa, hatuongei kabisa juu ya ile transfo iliyo kwenye kona.

Chukua kabine yenye transfo ya kVA 630, tuihesabu kama kilowati 630, ziko nyingi mjini. Upande wa nyumba zetu, kwenye volti 400 kati ya waya na waya, hiyo ni kama ampea 900 kwa kila fazi, yaani kila mmoja wa waya tatu zinazotoka kwenye transfo. Saa kumi na mbili jioni kila nyumba inawasha resho (jiko la umeme) ya bukari (ugali), friji, televisheni, taa, tuseme kilowati 3. Gawanya mwenyewe: nyumba 210 hivi, basi, transfo imejaa. Lakini avenu zinaongezeka, parsele (kiwanja) moja inagawanywa mara tatu, wapangaji wanaingia, kila mtu anaunga waya wake, na transfo ni ileile. Ndani yake kuna waya uliofungwa na karatasi inayolowa kwenye mafuta, na hiyo karatasi inaogopa joto kuliko kitu chochote, kanuni tunayofundishwa ni kwamba karibu kila digrii 6 zikizidi kipimo, maisha yake yanakatika nusu. Kwa hiyo transfo haifi siku ile inapolipuka na watu wanakimbia. Imekuwa inakufa kila jioni, pole pole, miaka.

Na kabla haijafa inatesa watu. Waya mrefu na mwembamba unakula volti, ukivuta ampea mara mbili, volti zinazopotea njiani ni mara mbili na joto linalopotea ni mara nne. Resho ya wati 1000 iliyotengenezwa kwa volti 220, ukiipa volti 150 inabaki na wati 465 hivi, ukiipa 110 inabaki na 250, robo. Ndiyo maana sufuria ya maji inakaa saa nzima haichemki, mama anachoka, anarudi kwenye makala (mkaa). Hiyo makala inatoka kwenye misitu ya miombo inayotuzunguka, kila mwaka lazima uende mbali zaidi kuitafuta. Kwa hiyo waya mbaya wa mitaa kama Katuba au Ruashi unakata miti, mimi naliona hivyo kabisa.

Halafu kuna regilateri, ile mashine ya kupandisha volti ndani ya nyumba. Mwenye uwezo akiona volti zinashuka ananunua regilateri, yake inarudi 220, anafurahi, lakini ile mashine haiumbi umeme, inavuta ampea zaidi kutoka kwenye waya uleule, kwa hiyo jirani asiye nayo anashuka tena zaidi, naye ananunua, na avenu nzima inavutana kama watu wenye kamba moja. Sisemi usinunue, friji ni mali na mota yake inaungua volti zikishuka. Nasema tu ujue inafanya nini kwa mwenzako.

Sasa tupande juu kidogo. Inga ya kwanza iliwaka 1972, ya pili 1982, zote mbili pamoja ni karibu megawati 1775 kwenye karatasi. Kutuletea huo umeme Katanga walivuta mstari wa kilomita 1700 hivi hadi Kolwezi, na unasafirisha mkondo mnyoofu, yaani umeme usiokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde kama huu wa nyumbani. Kwa mbali namna hiyo ni akili, upotevu ni mdogo na minara inabeba waya chache. Ulipangwa ubebe megawati 560. Lakini mkondo mnyoofu una ugumu wake: hauwezi kuuchota katikati kama unavyounga waya wa kawaida, unahitaji stesheni kubwa ya kuugeuza, ya bei kubwa, na stesheni ziko mbili tu, Inga na Kolwezi. Watu wa Kasai, katikati ya njia, wanalima chini ya ule waya tangu miaka ya 1980, usiku wanawasha kibatari. Kila nikiwaza hiyo roho inaniuma, kwa sababu mi najua kila kinachopita juu ya vichwa vyao.

Mabwawa yetu ya huku yalijengwa kwa ajili ya migodi. Mwadingusha 1930, Koni 1950, zote mbili kwenye Lufira, halafu Nzilo na Nseke kwenye Lualaba miaka ya 1950. Wakati ule Katanga ilikuwa inauza umeme kwa migodi ya upande wa Zambia! Leo ni sisi tunanunua kwao kwa mstari unaopita upande wa mpaka wa Kasumbalesa, na ukame wa 2024 ulipokausha bwawa la Kariba, Zambia yenyewe ikakaa gizani na migodi yetu ikarudi kwenye jenereta za mazutu (dizeli).

Watu wengi mjini wanachukia migodi kwa hiyo, wanasema inakula umeme wetu. Nawaelewa. Ila mgodi unalipa kwa kontere (mita), unalipa kwa dola, na umeanza kuweka pesa kwenye mashine: Mwadingusha ilifufuliwa na turbini mpya sita, megawati 78 kwa jumla, na kule Inga ya pili ilitengenezwa turbini namba 5 ya megawati 178, zote kwa pesa iliyotoka upande wa shaba. Mi napenda kuona mikataba ya namna hiyo ikitaja na kabine za mtaa, si turbini tu. Mgodi unahitaji megawati mia, avenu inahitaji transfo moja na waya mnene.

Nafasi kubwa nyingine ni jua, na huku kwetu lina bahati ya pekee. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna mvua, mito inapungua, mabwawa yanashuka, lakini ndio wakati mbingu iko safi kabisa asubuhi mpaka jioni na baridi yenyewe inasaidia, maana paneli inatoa zaidi ikiwa baridi. Maji yakipungua jua linajaza, mvua ikirudi maji yanajaza. Sheria ya 2014 ilishafungua mlango kwa kampuni binafsi, na wenzetu wa Goma wametutangulia: Matebe ya megawati 13 na kitu inatumia maji ya mto Rutshuru, na kwenye mtaa wa Ndosho kuna jua la megawati 1,3 lenye mtandao wake mwenyewe tangu 2020. Lubumbashi ni kubwa kuliko Goma na jua letu ni zuri zaidi.

Lakini hata jua litapita kwenye waya uleule, na hapo narudi kwenye kontere. Nyumba nyingi zinalipa forfe, bei moja kila mwezi utumie usitumie, kwa hiyo taa ya nje inawaka mchana na resho inapasha nyumba wakati wa baridi. Si tabia mbaya, ni hesabu ya kawaida ya mtu aliyekwisha lipa. Pale nilipoona kontere za kulipa kwanza zimefungwa, watu wenyewe walianza kuzima, na mzigo wa jioni ukashuka bila mtu kukatiwa.

Yule mama wa Kampemba, mwishowe tulifanya hivi. Nilipima fazi tatu za mstari wao: moja ilikuwa imebeba karibu nusu ya nyumba zote, kwa sababu kila fundi alipounga mteja mpya alishika waya ulio karibu na ngazi yake. Fazi ya tatu ilikuwa karibu tupu. Tuliomba ruhusa, wakakata mstari Jumapili asubuhi, tukahamisha nyumba 22 kutoka fazi iliyojaa, tukabadilisha pinsi (vibano vya waya) zilizooza na kukaza nyuzi ya katikati iliyokuwa imelegea. Hakuna transfo mpya, hakuna megawati hata moja iliyoongezwa. Jioni saa moja nikapima kwake: 193.

Ananipigia simu juzi, vifuko vinaganda. Dada yake anakaa avenu ya tatu kutoka hapo, kwake ni 140, kesho naenda na ngazi.