Je, wajua kwa nini hadithi nyingine hazisemi nini kilitokea?

Waulize watu barazani Lamu kuhusu hadithi iliyoachwa njiani, na wengi watakujibu kwamba mwandishi anajua mwisho wake, ila anauficha. Imani hiyo tumeinyonya kwenye vitendawili. Mtu anatega, wenzake wanahangaika, wakishindwa wanampa mji, naye akiridhika anatoa jibu. Basi msomaji akifika ukurasa wa mwisho asijue kama nahodha alizama au alihamia Mombasa akaoa, humwendea mtunzi na mji wake mkononi: haya, twambie.

Mtunzi akisema hana la kuambia, huonekana ama ana maringo ama alishindwa kumaliza. Na methali inazidi kumkandamiza: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Yaani jibu lipo, na usipoliona, kasoro ni ya kichwa chako. Kuna wasomaji hodari walioziacha hadithi za aina hii kwa kuhisi wanatukanwa.

Hakuna anayewatukana. Kitendawili kina jibu moja, na likishatoka kimekwisha kazi. Huwategi watu walewale kilekile kesho. Utata wa hadithi umejengwa vingine. Pana maelezo mawili au zaidi, kila moja linatosheleza yote yaliyoandikwa, na hakuna sentensi inayoliua jingine. Mtunzi huenda ana analoliamini moyoni, lakini hilo halimo katika hadithi, hata akilitangaza redioni. Mfaransa Roland Barthes alilipeleka wazo hili mbali sana mwaka 1967 alipotangaza kifo cha mwandishi. Naona alizidisha chumvi. Mwandishi yu hai, ila kura yake ni moja kama ya msomaji mwingine yeyote.

Kosa la pili, nalo limewaharibia watunzi chipukizi kuliko wasomaji, ni kudhani kwamba utata huletwa na maneno yasiyoshikika. Mtunzi akiambiwa amwachie msomaji nafasi, huandika: “Usiku ule Mwana Esha alihisi kitu asichoweza kukieleza.” Msomaji ashike nini hapo? Linganisha na hii: “Tangu jahazi la mumewe litweke, Mwana Esha huteremsha dele na kumimina vikombe viwili vya kahawa kila baada ya isha. Asubuhi vyote viwili huwa vimebaki machicha.”

Hakuna neno tata hata moja hapo. Vikombe vinahesabika, saa inajulikana, machicha yanaonekana. Lakini nani alikunywa cha pili? Labda mume hurudi kwa siri. Labda Mwana Esha huvinywa vyote mwenyewe, kwa upweke. Labda pana mgeni ambaye majirani hawajamwona. Na kwa Lamu hatakosekana wa kusema ni jini. Machicha yaleyale yanawatolea ushahidi wote wanne.

Ujenzi huu unafanana na mkate wa Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili. Kisa kinasimuliwa kwa namna nyingi. Muhammad Kijumwa wa hapa Lamu alikitungia utenzi mwaka 1913. Liyongo amefungwa, na walinzi wanajilia chakula kizuri anacholetewa. Anatuma ujumbe kwa mama yake. Mama anaoka mkate wa wishwa, katikati anatia tupa. Walinzi wanautazama, wanaudharau, wanampitishia mfungwa. Kisha ngoma na nyimbo zikipamba moto nje, naye anakereza pingu ndani.

Sasa utazame mkate wenyewe. Ulipaswa kuwa mkate kweli, wa wishwa kweli. Chuma kingechomoza kidogo tu, mambo yangeharibika. Na tupa ilipaswa kuwa tupa kweli, yenye meno, la sivyo pingu zisingekatika. Walinzi nao hatuna haki ya kuwacheka: walisoma sawasawa kilichokuwa mbele yao, chakula duni cha mfungwa. Sentensi ya kwanza ya Mwana Esha ni wishwa mtupu, hakuna chuma ndani. Ukiandika “kumbe mumewe alikuwa akirudi kwa siri”, umeichomoza tupa. Mfano huu una mpaka wake, maana mama yake Liyongo alijua ametia kitu kimoja tu. Katika hadithi, aliyeona mkate na aliyeona tupa wote wamesoma vizuri.

Kwa nini basi mmoja aone jini na mwingine aone upweke? Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, katika kitabu chake cha mwaka 1932 alieleza jinsi alivyowapa Waingereza hadithi ya Wenyeji wa Marekani kisha akawataka waisimulie upya. Mtumbwi ukageuka mashua, na mambo ya mizimu yakapunguzwa au yakaachwa. Watu walijazia kwa vitu vya kwao. Jaribio lile lilihusu kumbukumbu zaidi kuliko usomaji, kwa hiyo tusilibebeshe mengi.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa wanaodai kwamba hadithi tata humfanya mtu aelewe hisia za wenzake. Utafiti wa David Kidd na Emanuele Castano wa mwaka 2013 ulivuma sana kwa dai linalokaribiana na hilo, lakini watafiti wengine waliporudia majaribio kwa watu wengi zaidi, matokeo yale hayakuonekana. Soma kwa raha yako, si kama dawa.

Utata wa uvivu nao upo, wa mtunzi aliyepotewa na mwisho akaubatiza fumbo. Kumtambua si kazi: mwulize, kama mume hakurudi, yale machicha yametoka wapi? Aliyejenga atakutajia njia zote bila kusita, pamoja na ya jini. Asiyejenga ataanza kukueleza kuhusu maisha.